Mwaka Niliomtembeza Dada Yangu

Mimi ni mtu wa ratiba. Miaka thelathini na kitu ya kushika chaki imenifanya hivyo, na sioni haya kusema. Nikiamka sijui saa nne nitakuwa nafanya nini, kichwa kinaanza kuniuma. Kwa hiyo siku dada yangu aliporudi kutoka kliniki akaniambia ana sukari, na kwamba ameambiwa abadilishe maisha, sikulia wala sikukimbilia kupigia watu simu. Nilichana kadibodi la boksi la sabuni, nikachukua rula na kalamu ya wino mzito, nikapiga mistari kumi na miwili. Januari mpaka Desemba. Kila mwezi jambo moja jipya la afya, na lile la mwezi uliopita haliachwi.

"Hii nayo ni nini?" dada akauliza.

"Ni mwaka wako."

"Mwaka wangu umeuandika wewe?"

Nikamwambia anyamaze, ninamwokoa.

Tulikuwa wawili tu pale Makorora, Tanga mjini, katika nyumba waliyotuachia wazazi. Mimi ndiye mdogo. Nilisomeshea bara maisha yangu yote, nikaolewa huko, nikazaa huko, na mume wangu alipofariki na barua ya kustaafu ikaja mwaka huohuo, nikafunga mizigo nikarudi kwetu. Dada yangu hakuwa na pa kurudi kwa sababu hakuwahi kuondoka. Aliolewa mara moja, akaachika kabla mwaka haujaisha, akarudi kwa mama. Mama alipopooza, yeye ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nikija likizo ya Desemba na vitenge vya zawadi, nakaa wiki mbili, naondoka. Nayasema haya mapema ili isije kuonekana nimeyaficha.

Nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimoja: mguu. Mtaa wa nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja aliyekatwa mguu kwa sukari, na kila nikipita nilimkuta amekaa palepale barazani, kanga imefunika pale ambapo hakuna kitu. Nilimsalimu nikiangalia pembeni. Niliapa, wallahi niliapa kwa sauti chumbani kwangu, kwamba dada yangu hatafika huko mimi nikiwa hai. Nilidhani mguu unaozea ndani, kwamba sukari inatelemka tu mpaka inajaa chini. Nilidhani nikiitoa sukari nimeuokoa mguu.

Basi tarehe mosi Januari sukari ikatoka ndani ya nyumba. Nikaenda mwenyewe duka la kona, kwa yule mzee wa Kihindi ambaye baba yake alituuzia pipi tukiwa watoto, nikamwambia asimuuzie dada yangu sukari, wala biskuti, wala soda. Mzee akavua miwani.

"Mwalimu," akasema, "dada yako ana akili zake timamu. Akija nimwambie mdogo wako amekufungia?"

"Mwambie hivyohivyo."

Akamwambia hivyohivyo, mbele ya wateja. Dada alirudi nyumbani akakaa siku mbili hasemi na mimi. Alikuwa akipika, ananiwekea sahani, anaondoka. Siku ya tatu akanywa chai ya rangi kavu, akakunja uso, akasema, "Haya mwalimu, nimekunywa. Niandikie vema."

Februari nikaleta baiskeli. Kwa sisi watu wa Tanga hilo si jambo la kushangaza. Mama wa makamo anapanda baiskeli na buibui lake, kapu mbele, anakwenda sokoni na hakuna anayegeuza shingo. Lakini dada hakuwahi kujifunza, maana ujana wake ulikuwa jikoni. Nikaazima baiskeli ya kike ya jirani, nikamshikia kiti kwa nyuma, nikamwambia apige pedali asiangalie chini. Akaangalia chini. Tulikwenda hatua kumi hivi, halafu nikaachia, kwa sababu ndivyo watoto wangu nilivyowafundisha. Loo! Alizama kwenye uzio wa makuti wa watu, baiskeli juu yeye chini, buibui limenasa kwenye cheni. Barazani walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akapiga kigelegele.

Dada hakucheka. Alikaa palepale chini, akajifuta mchanga mkononi, akaniuliza taratibu, "Unataka kunizika mwaka huu au una haraka zaidi ya hapo?"

Nikaandika kwenye kadibodi kwa wino mwekundu: imeshindikana. Aliuona ule wino mwekundu. Nilimwona amesimama mbele ya lile kadibodi muda mrefu, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyetajwa jina. Niliona na sikuona haya. Leo ninaona.

Masika ilipotufungia ndani nikaandika ukili. Huo aliujua yeye, si mimi. Mama alimfundisha kusuka mikeka wakati mimi nikiwa shule, na nilipojaribu kushika ukindu vidole vyangu vikawa kama vya mtu mwingine. Dada alinicheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Mwalimu mzima! Hebu toa mkono wako hapo, unauumiza ukindu wa watu." Tulikaa hivyo siku nyingi, mvua inapiga bati, yeye anasuka na mimi ninaharibu. Lakini kila baada ya muda alikuwa akiinyoosha miguu na kuisugua kwa viganja.

"Ganzi?" nikamuuliza.

"Ganzi. Wakati mwingine nauangalia mguu nauona kama si wangu."

Hilo lilinitia hofu kuliko kipimo chochote. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto, nikamchemshia majani ya mlonge, nikapanda mchicha kwenye viroba uani ale mboga mbichi kila siku. Mbuzi wa jirani waliula mchicha wote asubuhi moja na nikagombana na mwenye mbuzi hadi mjumbe akaitwa. Sasa nikikumbuka ninajiuliza nilikuwa nagombea nini. Miguu haikubadilika. Kila jioni alikuwa akiisugua, na mimi nilikuwa nikihesabu miezi iliyobaki kwenye kadibodi.

Kipupwe kilipokuwa kinaisha tulikwenda khitma ya jirani. Tumekaa mkekani wanawake, tumemaliza kusoma, tunasubiri pilau ambalo nilikuwa nimeshamkanya dada asilile, naye akawa anaisugua miguu yake mbele za watu. Mama mmoja, mtu wa pwani ya Moa, akamtazama akasema, "Mpelekeni pwani huyo. Mchanga wa majimaji unavuta ganzi. Kwetu wazee tunawafukia mpaka hapa." Akajigusa chini ya goti. Mkeka mzima ukaitikia. Kila mmoja alikuwa na shangazi aliyepona.

Nawe mwelewe mtu wa pwani. Mchanga hatuuogopi. Mtoto akitoka upele tunamwogesha maji ya chumvi, mjamzito akivimba miguu anaambiwa akaikanyage pwani, na mtu akiingia na viatu mchangani tunamwona mgeni. Ningekuwa bado bara ningemuuliza daktari kwanza. Lakini nilikuwa nimerudi kwetu, na jambo la kwetu halibishi hodi. Nikafika nyumbani nikaandika: Agosti, pwani, miguu peku.

Tulipanda bajaji hadi Mwambani, asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Dada alishuka, akatembea mpaka ukingo wa mchanga, akasimama. Alikuwa amevaa kandambili na soksi. Akaitazama miguu yake, akaitazama bahari, akaitazama tena miguu.

"Vua," nikamwambia. "Unamwonea nani haya?"

Akaishika kanga kwa mikono miwili.

"Vua bwana, maji yatajaa tumesimama hapahapa!"

Akavua. Akaziweka kandambili pamoja, akalaza soksi juu yake, akapandisha kanga, akaingia.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Dada yangu, mwanamke ambaye nilimjua kwa kuguna na kufunua sufuria, aliingia kwenye yale maji ya kifundoni akapiga ukelele. Akakimbia. Si mbio za kusifiwa, mbio za bibi wa miaka sitini na tatu mwenye magoti mabovu, lakini alikimbia, kanga mkononi, maji yanaruka mpaka kwenye mtandio. "Mara ya mwisho kuyakanyaga haya," akanipigia kelele, "nilikuwa sijavunja ungo!" Kisha akaenda moja kwa moja kwa wanawake waliokuwa wakiokota chaza kwenye miamba, akawaamkia, akaamkiwa shikamoo na wadogo, akaanza kuokota nao kana kwamba walimwacha jana. Mimi nilibaki nimekaa juu ya mchanga mkavu nikiwa na saa yangu. Nilikuwa nimempangia nusu saa.

Tulikwenda mara tatu kwa wiki. Agosti ikaisha, tukaingia Septemba, na nilivunja sheria yangu mwenyewe, sikuandika jambo jipya. Nikimaliza kuswali alfajiri nilimkuta ameshavaa, amekaa barazani na kikapu. Yeye ambaye Januari nilimvuta kama gunia! Akitembea anaimba nyimbo za kitoto za kuchezea gololi. Nilimfukia miguu mchangani kama yule mama alivyosema, tukakaa, akanisimulia mambo ya mama ambayo sikuyajua: jinsi mama alivyokuwa akimwita kwa jina langu miaka ile ya mwisho, na yeye akiitika. Kimashine cha kupimia damu ya kidole alichopewa kliniki kilionyesha sukari inashuka. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijiona nimefaulu. Niliwapigia watoto wangu nikawaambia mama mkubwa wenu ananawiri, ni kazi ya mama yenu.

Katikati ya Oktoba nyumba ikaanza kunuka.

Nilidhani ni panya. Nikatoa kabati la vyombo, nikafagia nyuma yake, sikuona kitu. Nikatoa magodoro, nikayaanika. Nikapanda mpaka darini na tochi, mimi na umri wangu. Harufu ikawa inahama. Asubuhi iko sebuleni, mchana iko jikoni. Siku ya tatu nikawa napiga deki kwa dawa, dada amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, nikamwambia anyanyue miguu nipitishe dekio. Akanyanyua. Nikainama. Harufu ilikuwa hapo.

"Vua soksi," nikasema.

"Miguu hainiumi."

"Dada, vua soksi."

Mguu wa kushoto soksi ilikuwa imegandana na kisigino. Nililowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikaivuta kidogo kidogo, naye ananitazama usoni, hata hakukunja jicho. Nilipouona ule mguu nililia kwa sauti mpaka jirani akaja. Kulikuwa na tundu. Nyama pembeni yake ilikuwa nyeusi.

Hospitali daktari alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, mpole. Alilisafisha lile jeraha akatoa ndani yake kipande cha gamba la chaza, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akakiweka kwenye kisahani cha bati. Akauliza limekaa humo muda gani. Hatukujua. Akauliza, "Alikuwa anatembea peku?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Pwani. Kwa ajili ya afya."

Aliacha kuandika. Akaniangalia, akaangalia karatasi, akaendelea kuandika. Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

Nesi aliyekuja kufunga bandeji alimtambua dada. "Bibi wewe," akasema, na alikuwa na uchungu wa kweli, "si siku ile ya kwanza kliniki tuliwakalisha kwenye benchi tukawafundisha? Usivue viatu hata ndani ya nyumba yako. Hata msikitini uvae soksi. Kagua nyayo kila jioni. Si wewe uliyenirudishia maneno yote neno kwa neno, nikasema huyu bibi ana akili?"

Dada akageuzia uso ukutani.

Nilidhani labda alisahau. Nilitamani awe alisahau. Lakini dada yangu hajawahi kusahau kitu. Anajua siku jino langu la kwanza lilipong'oka. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikawaza siku ile ya mwanzo pale ukingoni, alivyoitazama miguu yake mara mbili kabla hajavua.

Walijaribu dawa wiki moja. Weusi ukapanda. Wakasema wakate chini ya goti, na haraka, ama utapita goti. Alitia sahihi mwenyewe, kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi moja moja. Mimi sikuweza hata kushika kalamu.

Mguu kwetu hautupwi. Uliletwa umefungwa, binamu yetu na jirani mmoja wakaupokea, wakauvingirisha kitambaa cheupe, wakaupeleka makaburini wakauzika kama sehemu ya mtu inavyozikwa. Mimi nilisimama getini mwa hospitali nikawaangalia wakiondoka na bajaji, kile kifurushi kimelazwa mapajani mwa binamu kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimeapa kwa Mungu, na hicho ndicho kiapo changu kilichokuwa kikiondoka.

Siku tatu baadaye alikuwa na nguvu za kukaa. Nilimpelekea uji wa ulezi saa ya kuona wagonjwa, nikampepea kwa kipande cha gazeti maana wodi ilikuwa na joto. Akanywa, akanirudishia kikombe.

"Mmeuzika wapi?"

"Pembeni ya mama."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo puani. "Hata huko nimetangulizwa mimi kwa mama."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote. Nikamwambia mimi ndiye niliyeuua huo mguu wako, mimi na kadibodi langu, mimi niliyekuambia vua. Nilikuwa na mapenzi na wewe lakini sikukuuliza kitu hata siku moja, nilikupangia tu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nisamehe. Watu wa kitanda cha pili walikuwa wakinitazama na sikujali. Aliniacha nikaongea mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi futa kamasi. Watu wanaangalia."

Nikafuta. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba tangu siku ya nesi. Kwamba alijua. Alisimama pale ukingoni anajua, na miezi miwili yote alijua. "Kwa nini hukuniambia, dada? Neno moja tu. Ungesema nimekatazwa kuvua viatu, imekwisha."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Aliinyoosha shuka pale ilipolala bapa juu ya godoro, akaipigapiga kwa kiganja.

"Ningekwambia," akasema, "ungeniacha nyumbani."

Nilifungua mdomo nimkatalie, nimwambie ningemnunulia viatu vya mpira tuende vilevile. Sikuweza kusema, kwa sababu ninajijua. Ningemkataza kutoka, nami kwa mazoea ningekwenda Mwambani peke yangu siku tatu kwa wiki, ningerudi mchana na kumsimulia maji yalivyokuwa, na usiku ningelala vizuri, nimemtunza dada yangu.